Kadi ya Shukrani ya Arvo Lehtimäki

Arvo Lehtimäki alikagua nafaka kwenye maghala ya bandari yetu ya Thunder Bay kwa miaka thelathini na minne, na kelele za mashine ndizo zilizomla masikio. Aliniambia mwenyewe, mara moja tu, tukiosha vikombe vya kahawa baada ya mkutano, kisha akaona haya kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Tangu siku hiyo hakunitajia tena, nami sikumuuliza. Kwa kunyamaza, sisi wawili tulikuwa hodari.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mipana, na tabia ya kusema na wewe huku akikutazama mdomo. Wanawake wapya chamani walidhani anawatamani. Ukimpa punje ya ngano aliitafuna kidogo, akafumba macho, akakwambia kama shamba lilinyeshewa wakati wa mavuno. Mkewe Helmi ndiye aliyemwandikisha katika Chama cha Mambo ya Ulimwengu, akisema mume wake lazima asikie habari nyingine zaidi ya ngano. Helmi alipofariki, Arvo aliendelea kuja kila mwezi na kukaa kiti kilekile cha mbele, na kile cha pembeni yake akikiwekea koti.

Kila mtu chamani ana kazi yake. Mimi, Doreen Kowalchuk, ni katibu kwa mwaka wa ishirini sasa, naandika kumbukumbu za mikutano. Arvo alikuwa mtoa shukrani. Hii si kazi ndogo kwetu. Zamani mwanachama mmoja alisimama kumshukuru balozi mstaafu, akazungumza dakika ishirini na tano kuhusu safari yake mwenyewe ya Ureno, na balozi akakosa ndege. Ikapitishwa kanuni: shukrani ni dakika mbili, kwenye kadi moja, iliyoandikwa kabla ya siku ya mkutano. Kwa hiyo sisi humshukuru mgeni kwa maneno ambayo hajayasema bado. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona ubaya wake, kwani wageni wetu husema kilekile walichoahidi kusema.

Mwaka jana mwezi wa Mei, mgeni wa mkutano mkuu alikuwa Bi Solomiya Hrytsenko, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Winnipeg. Mada yake: safari ya ngano kutoka Bahari Nyeusi, na matumaini ya bandari zilizofungwa na vita kufunguliwa. Kwenye barua yake ya kujitambulisha aliandika kwamba kaka yake, Ostap, anapima nafaka kwenye maghala ya bandari huko kwao, kwenye bahari hiyohiyo. Nilimpa Arvo barua hiyo. Mzee alifurahi kama amepata ndugu.

Alikuja kwangu na karatasi yake nimchapie kadi. "Hapa mwisho, Doreen, nataka kumgusa moyo kidogo. Nimsalimie kaka yake. Au nitaonekana mshamba?"

"Weka," nikamwambia. "Na umwalike kabisa."

"Kwenye sauna?" akauliza, akimaanisha kile chumba chake cha kuoga mvuke wa moto.

"Ehe, kwenye sauna. Umpike mpaka aombe msamaha."

Tukacheka. Nikachapa.

Siku ya mkutano, saa moja jioni, jua bado kali, tulikutana ukumbi wa chini wa maktaba. Kahawa ilikuwepo, na zile donati za mji wetu zenye sukari ya rangi ya waridi juu. Kwanza huwa ni mambo ya wanachama: kusoma kumbukumbu za mwaka uliopita, mwenyekiti kuuliza kama kuna masahihisho, kuchagua viongozi. Mwenyekiti wetu, Gordon Pettigrew, aliwahi kuwa mwalimu mkuu, na bado hutuangalia kama tumetafuna ubani darasani.

Marlene Bruno, muuguzi mstaafu, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naleta hoja kwamba kazi ya shukrani apewe mtu mwingine. Simaanishi ubaya. Lakini mzee wetu hasikii. Mwezi wa pili nilimuuliza habari za mguu wake, akanijibu kuhusu theluji."

"Mguu ulikuwa kwenye theluji," Arvo akasema. Hilo alilidaka, maana Marlene alikuwa mbele yake na midomo ameipaka rangi nyekundu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akageuka akaniangalia. "Doreen ananijua. Doreen, waambie. Nasikia au sisikii?"

Nilikuwa nimekwishaviona vifaa vyake vya kusikilizia, vile vya masikioni. Alivitoa mlangoni, vikipiga mluzi, akavitia kwenye kiberiti kitupu na kiberiti mfukoni. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Na nilisimama, mimi katibu, nikasema, "Arvo anasikia kuliko mimi. Marlene, labda wewe ndiye unayenong'ona."

Kicheko kikubwa. Hoja ikaanguka. Arvo akaweka kiganja kifuani akaniinamia kidogo, na mimi nikajisikia mtu mwema sana. Hisia hiyo ilidumu kama dakika arobaini.

Bi Solomiya akasimama. Mwanamke mdogo wa umbo, amevaa sweta ya kijivu. Akaweka picha moja ukutani: mwanamume amesimama mbele ya ghala, kofia nyuma ya kichwa, anacheka. Kisha akaisukuma kompyuta yake kando, picha ikabaki pale.

"Naomba radhi," akasema, kwa sauti ndogo, ndogo mno. "Nilikuwa na mada. Siwezi kuisoma. Huyu ni kaka yangu Ostap. Jumatano ghala lao limepigwa kwa kombora. Jana wamemtambua kwa saa yake. Nilitaka kuwapigia simu nisije, lakini nyumbani ningefanya nini? Nitawasimulia habari zake, kama mtaniruhusu."

Akasimulia. Hakulia hata mara moja, alisema macho makavu, taratibu, mikono kwenye meza. Nyuma watu walikuwa wanalia. Niliwaona, maana meza yangu iko pembeni. Lakini Arvo alikuwa kiti cha mbele, hawezi kuona nyuma yake. Alikuwa anaangalia picha ya yule mtu anayecheka, naye anatabasamu. Mkononi ameshika kadi.

Kutoka meza yangu hadi kwake ni hatua tatu. Nilizipima baadaye, nilirudi ukumbini siku nyingine kusudi nizipime. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi. Ningeandika maneno manne nikamwekea magotini. Lakini ningeinuka, Marlene angeniona nikimwandikia mtu anayesikia kuliko mimi. Nikakaa. Nikajiambia bila shaka ameelewa, ana macho, ataiweka kadi mfukoni. Nadhani na Gordon alifikiri hivyo alipomwita.

Arvo akasimama, akarekebisha tai, akasoma.

"Bi Solomiya, umetuchangamsha jioni ya leo. Umetupa matumaini. Mimi ni mzee wa nafaka, na nikisikia ngano inatembea, moyo wangu unatembea nayo." Akainua uso kwenye picha, akainyooshea kidole. "Na huyu kaka yako, mwambie mkaguzi mwenzake wa Thunder Bay anamsubiri. Aje. Nitamtia kwenye sauna mpaka aombe msamaha."

Kimya. Kwa kawaida hapo watu hucheka, kisha hupiga makofi. Arvo aliwatazama, akasubiri. Akadhani hawajamsikia. Basi akavuta pumzi, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ile ya mtu aliyezoea kushindana na mashine: "Nimesema, mwambie aje! Namsubiri!"

Bi Solomiya akaja akamshika mikono yote miwili. Akasema kitu. Nina hakika Arvo hakukisikia, kwa sababu alijibu, "Karibu sana."

Nilimkuta kwenye chumba cha makoti, ameshika lake bila kulivaa. "Mbona hawakupiga makofi? Nimekosea jina lake?"

Hapo sasa ndipo nilipopata miguu. Nikafungua daftari la kumbukumbu, nikaandika: *Kaka yake ameuawa Jumatano. Ndiyo habari aliyotuambia.* Akasoma. Akasoma tena, kidole chini ya kila neno. Uso wake ulizeeka nikiutazama.

"Ulikuwa pale," akasema. Si kwa ukali. "Na ulijua sisikii."

Akalitupa koti juu ya kiti, akarudi ukumbini, nami nikamfuata mpaka mlangoni, si zaidi. Watu walikuwa bado wamesimama na vikombe vyao. Akapita katikati yao akaenda kwa Bi Solomiya. "Sikusikia," akamwambia, na kwa sauti ile yake kila mtu alisikia. "Sikusikia hata neno moja. Mimi ni kiziwi, na nina kiburi. Nisamehe, binti yangu."

Gordon akasema, "Lakini Doreen alituhakikishia kwamba—"

Marlene alirudia maneno hayo mbele ya uso wa Arvo, polepole, kama muuguzi. Arvo akanitafuta kwa macho, akaniona mlangoni. "Nilimwomba aseme hivyo," akawaambia. "Nilimwomba kabla ya mkutano. Asilaumiwe."

Hakuniomba kitu kabla ya mkutano. Ule uongo ulikuwa wangu, nilioutunga papo hapo ili wacheke. Na nilisimama pale mlangoni, nina mdomo, nikaacha aubebe. Nilifanya vibaya zaidi. Nyumbani niliandika kumbukumbu kwa mwandiko mzuri: *Bw. Lehtimäki alimshukuru mgeni. Alikiri kwamba kabla ya mkutano alimwomba Katibu athibitishe kuwa anasikia.* Nikaweka sahihi yangu.

Arvo hakuja chamani mwaka mzima. Mara mbili nilimwona dukani, mara mbili nikageukia upande wa sabuni.

Mei hii alikuja. Hakukaa mbele, alikaa mstari wa mwisho, masikioni ana vifaa vipya, vyote viwili. Nikasoma kumbukumbu za mwaka jana kama inavyotakiwa, na nilipofika kwenye sentensi ile niliisoma harakaharaka.

"Kuna masahihisho?" Gordon akauliza. Husubiri kama pumzi mbili, kisha hupita.

Nikanyoosha mkono. Katibu hasahihishi kumbukumbu zake mwenyewe; watu waligeuka. Nikasema, nikiitazama karatasi, "Bw. Lehtimäki hakuniomba chochote kabla ya mkutano. Nilidanganya mwenyewe."

Nilitaka Gordon apite. Nilitaka kukaa. Lakini kutoka mstari wa mwisho ikaja ile sauti ya ghalani.

"Sauti, Doreen! Huku nyuma hatusikii."

Nikainua uso. Alikuwa ananitazama machoni, hakuutazama mdomo. Nikavuta pumzi, nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.