Wari Husikia Shoka Likiruka

Saa moja asubuhi hapa Akwesasne, eneo la wenyeji wa asili, na Wishe Lazore ameshalowa jasho. Analitwanga gogo la ehsa, mti wa kinamasini, kwa kisogo cha shoka. Pigo linabanana na pigo. Gogo likitwangwa sawasawa, mbao yake inaachia tabaka kwa tabaka, mkanda mrefu mmoja kwa kila mwaka wa kukua kwa mti. Mikanda hiyo ndiyo inayosukwa vikapu.

"Wishe! Umeruka!" Mkewe, Wari, yuko jikoni na supu yake ya mahindi. Gogo halioni kwa macho, anasikia mapigo tu.

"Sijaruka!"

"Umeruka, mzee. Rudi nyuma."

Anarudi. Kweli, kuna mahali karuka bila kupiga. Hapo mkanda ungeng'ang'ania, ukivuta unachanika.

Safari hii hakuna kuchanika. Mwezi ujao binti yao Teres anaolewa, na siku ya harusi pande mbili lazima zibadilishane vikapu. Gogo jingine halipo. Mdudu wa kijani anayetoboa ehsa kaumaliza msitu, miti imekauka imesimama wima. Huu mmoja Wishe kauzungukia kinamasi msimu mzima, buti zimejaa maji. Alipoupata, aliuwekea tumbaku chini kama sadaka, akauomba ruhusa, ndipo akaukata.

Angus, baba wa bwana harusi, kaja kuchungulia. "Mkwe, si ununue tu cha plastiki?"

"Nitakununulia wewe, ukavulie vyura."

Kufika mchana, Wishe anachokonoa ncha kwa kisu, anashika, anavuta. Utani umekwisha. Wari katoka na mwiko mkononi. Mkanda unainuka polepole, unafika pale aliporuka, unasita.

Unapita. Unatoka mzima mpaka mwisho.

Wari anaupitisha vidoleni, anaukunja, anaunusa. "Huu unafaa," anasema. "Mshukuru mwenye masikio."

"Hivi ndivyo tulivyoishi miaka yote," Wishe anamwambia mwandishi wa habari aliyewatembelea, anacheka. "Mimi napiga, yeye ananipigia kelele."

Nyuma ya nyumba kuna ndoo kuukuu zenye miche ya ehsa, kimo cha goti. Mbegu zililala udongoni mpaka Wishe akazikatia tamaa, halafu zikachomoza. Masika yajayo atairudisha kinamasini, na ikiwa mdudu ataila, atapanda mingine.

"Lakini mkwe," Angus anamchokoza, "ikikomaa wewe utakuwa kaburini. Nani ataitwanga?"

"Mjukuu wetu."

"Na nani atamwambia karuka?"

Wishe anageukia jikoni, lakini Wari keshajibu.

"Mimi! Hata huko nitasikia!"