Wenyewe wa Kituo cha Umeme

Nilipokuwa mtoto kule Kibiti, kituo cha kupoza umeme kilijengwa ng'ambo ya mikorosho yetu, pale pale palipokuwa na kichuguu ambacho wanawake walikitilia unga kidogo kila mwanzo wa mavuno. Katapila likakisawazisha. Wazee wakasema wenyewe, yaani mizimu ya pale, hawakuhama. Walipanda juu ya mitambo, na ule mlio ndio mazungumzo yao. Sisi watoto tukipita tulisema, "Shikamooni." Mlinzi aliitikia marahaba kwa niaba yao.

Bibi yangu alikuwa na hakika zaidi ya wote: wenyewe wakipaza sauti, mvua iko njiani. Lakini masikio yake yalishakuwa mazito, kwa hiyo msikilizaji nilikuwa mimi. Asubuhi moja, mpunga wetu wa mwaka mzima ukiwa umeanikwa kwenye majamvi, akaniambia, "Kawasikilize."

Niliogopa. Nikaishia kwenye mikorosho, nikakaa kidogo, kisha nikarudi kusema wamenyamaza. Mjomba Shamte akafurahi.

"Si nilisema, mama? Simu inaonyesha jua mpaka kesho kutwa."

Bibi akanigeukia mimi. "Ulifika uzioni?"

Kumdanganya mara mbili sikuweza. Nikasema sikufika.

"Basi nenda, mjukuu wangu. Tutakula utakachosikia."

Nilikwenda nikilia. Nilipofika uzioni nikasikia juu yangu mitambo ikitatarika kama samaki kwenye mafuta. Nikarudi mbio, na kabla sijamaliza kueleza bibi alikwisha shika ncha ya jamvi. Mjomba alicheka, akaliacha fungu lake nje, akaenda zake sokoni. Adhuhuri mvua ikashuka, ikanyesha siku tatu. Mpunga wake ukaota. Mwaka ule alikula wetu, wala hakutucheka tena.

Leo nafundisha fizikia. Najua kwamba ni unyevu wa hewa unaovitatarisha vile vikombe vinavyoshika nyaya, na wanafunzi wangu nawaeleza hivyo bila kusita. Bibi alikosea wenye sauti. Sauti yenyewe hakuikosea. Kinachoniuma ni kingine. Nyaya zile zilipita juu ya paa letu zikaenda kuwasha taa za watu wengine, na bibi alikufa akiwashiwa koroboi. Umeme wote alioupata maishani mwake ulikuwa ule mlio, na kwa huo alitulisha mwaka mzima.