Msusi wa Valda

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa la Yarrabie, mji mdogo wa wafuga kondoo, miaka kumi na tisa, na wanaume wa huku nawajua wanavyonunua. Wanaingia kofia mkononi, wanataja wanachotaka bila kukutazama usoni, wanatoka. Mwanaume wa kondoo akizidisha dakika tano dukani, ama anaumwa kweli ama anakimbia mvua. Kwa hiyo Jumatatu ile Alwyn Tregear alipofikisha dakika ishirini mbele ya rafu ya nywele, na nje jua linawaka, niliacha kuhesabu vidonge nikamfuata.

Alwyn ana miaka themanini kasoro mmoja. Kazi yake kwa miaka arobaini na miwili ilikuwa kupanga madaraja ya sufu. Kondoo akishanyolewa, sufu yake hurushwa mezani mbele ya mpangaji, naye huishika, huivuta, huiinua kwenye mwanga, kisha husema ni ya daraja gani na iende kwenye robota lipi. Akishasema amesema, hata mwenye shamba hunyamaza. Kondoo wetu ni merino, sufu yao ni nyembamba kuliko zote, na wanyoaji wa zamani bado wanaapa kwamba Alwyn aliweza kukutajia unene wa unywele mmoja kwa kidole gumba, macho kafumba.

Siku hiyo alikuwa ameshika kopo la spreyi kwa mikono miwili, miwani imemshuka puani, anasoma maandishi ya nyuma. Makopo mengine saba alikuwa ameyashusha na kuyapanga sakafuni kwa safu tatu.

"Hizi zinakaza," akaniambia bila hata salamu, akionyesha kwa ncha ya kiatu. "Hizi zinang'arisha. Na hizi zote zinasema zinajaza nywele. Sasa Ros, kati ya hizi waongo ni wangapi?"

Nikamuuliza anamnunulia nani. Jibu nililijua, mji wetu si mkubwa kiasi hicho, lakini mtu huulizwa.

"Valda."

Valda ni mke wake wa miaka hamsini na mitatu. Yuko nyumba ya wazee, pale juu ya kilima, mwaka wa pili sasa, kwa sababu kumbukumbu zimemtoka. Alianza kusahau majina ya majirani, akaja kusahau njia ya kurudi kwake, na tangu Krismasi amemsahau na Alwyn. Alwyn akiingia chumbani, anaambiwa kwa adabu zote kwamba amekosea mlango. Akijaribu kumshika mkono, Valda anabonyeza kengele ya kuita wahudumu. Mara mbili wamekuja wakamkuta mzee wa watu amesimama ukutani, mikono juu kama mwizi.

Ila nywele zake Valda hakuzisahau. Zina wembamba wa nywele za mtoto mchanga, na maisha yake yote amepigana nazo. Alhamisi ilikuwa siku yake ya saluni, mvua inyeshe au malori yagongane. Sijawahi kumwona ameenda hata kwenye sanduku la barua nywele zikiwa zimelala. Kule juu alikuwepo Tamsin, msusi, aliyekuja kila Jumatano. Kabla ya Pasaka Tamsin akafuata mapenzi Queensland, na mwingine hakupatikana. Valda akajitazama kwenye kioo, akafunga mlango wake. Wiki tatu alikuwa hajaenda chumba cha kulia. Chakula akiletewa, sahani inarudi imeguswa pembeni tu. Kilo nne zilikuwa zimeshatoka, na Valda hakuwa mtu wa kuwa na kilo za kupoteza.

"Yule binti mhudumu wa Fiji, Litia, alijaribu kumtengeneza," Alwyn akasema. "Valda akamwambia akajifunze kwanza. Daktari anasema asipotoka akala na wenzake, atakwisha. Basi nitamtengeneza mimi. Nimeshika nywele maisha yangu yote."

"Za kondoo, Alwyn."

"Kondoo wana adabu zaidi."

Nikamshauri lile kopo la kifuniko cha dhahabu, na kusema ukweli ni kwa sababu bei yake inatupendeza. Yeye akatoa bahasha mfukoni, na ndani ya bahasha kishungi cha nywele nyeupe alizozitoa kwenye brashi ya mkewe. Akapulizia kidogo, akasugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Ina mafuta hii," akasema. "Nywele nyembamba ukizitia mafuta zinalala chini."

Hakuna mtu anayeruhusiwa kufungua makopo yetu, na nilipaswa kumkemea. Badala yake nikavuta kiti nikamtazama. Moja ilinata, akaiweka kando. Nyingine ilikauka ikawa ngumu. Akakunja ule unywele, ukavunjika, akanitazama kana kwamba nimeitengeneza mimi. Nilitaka kumwambia kwamba mchagua nazi hupata koroma, lakini ile ya sita aliipulizia, akasubiri, akaviringisha nywele kidoleni na kuziachia. Zikajirudi zenyewe. Akarudia mara tatu. Lilikuwa kopo jepesi la rangi ya kijani, la kuinua nywele kuanzia kwenye shina, ambalo hakuna anayelinunua kwa sababu liko rafu ya chini.

"Hili ndilo la daraja la kwanza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nikamwona amesimama wima.

Kosa langu ni hapo. Sikumwambia namna ya kulitumia. Nilidhani mtu aliyejua kuchagua vile hahitaji kufundishwa na muuza dawa.

Jumatano, kama kila Jumatano, nikapeleka vidonge vya wiki kule juu. Litia akanivuta mkono koridoni. Alikuwa ametumia akili: alimvalisha Alwyn aproni nyeupe ya jikoni, akamwambia Valda kwamba msusi mpya amefika. Na Valda, ambaye kwa miezi minne hakumruhusu mumewe hata kukaa, akamkaribisha, akajiweka kwenye kiti mwenyewe.

Nilipoingia, Valda alikuwa mbele ya kioo, machozi yanateremka na sauti haitoki. Alwyn alikuwa nyuma yake na kopo mkononi. Nywele zilikuwa kavu, na katikati ya kichwa, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kulipita mstari mmoja mnyoofu uliolowa, umeganda kama ubao, na huku na huku nywele zimelala bapa.

Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye banda la kunyolea angejua kilichotokea. Kondoo akitoka kunyolewa, hutiwa dawa ya chawa mstari mmoja, kutoka shingoni mpaka mkiani, na dawa husambaa yenyewe mwilini.

"Umempa dawa ya chawa," nikamnong'oneza.

"Ndiyo njia ninayoijua," akasema.

Sina upole mwingi, watoto wangu watakuambia. Lakini pale nilivua koti nikamwambia tunaanza upya. Tukaziosha nywele, tukazikausha kwa taulo zikabaki na unyevu. Nikamwonyesha: unagawa kishungi kidogo, unakiinua, unapuliza pale pale shinani, kidogo, usirudie. Kisha mwenye nywele anainamisha kichwa mbele kabisa na draya inapuliza kutoka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikamwambia Valda, naye akainama bila ubishi, kwa sababu mambo ya nywele aliyajua kunishinda.

Mimi nikashika draya. Alwyn akashika nywele. Vidole vyake vinene viliziinua kishungi kwa kishungi, polepole, vile alivyokuwa akiinua sufu kwenye mwanga, akivuta kidogo na kuachia. Nadhani alikuwa hajamgusa mkewe tangu Krismasi. Nilitazama ukutani, palipokuwa na kalenda ya wauza matrekta.

"Una mikono myepesi," Valda akasema, kichwa kikiwa bado chini. "Mume wangu mikono yake ni ya kondoo tu. Hajanishika nywele hata siku moja."

Alwyn akachukua kishungi kingine.

"Kila Alhamisi natoka saluni, naingia jikoni, ananiuliza kama chai iko tayari. Miaka yote hiyo. Wala si mtu mbaya, usifikirie. Ila hajawahi kusema kitu."

Nilizima draya. Ningeiacha iendelee ifunike maneno, lakini nywele zilikuwa zimekauka. Valda akainua kichwa. Zilikuwa zimesimama, Mungu shahidi wangu, nyeupe na nyepesi, zimeuzunguka uso wake mwembamba, na kwenye kioo nilimwona Valda yule yule wa kwenye maonyesho ya kilimo, aliyekuwa akishinda kwa keki za sponji na kujifanya hakutegemea.

Alwyn alikohoa. Uso wote ulikuwa umemwiva.

"Nywele zako ni nzuri," akasema. "Ni nyembamba kuliko zote nilizowahi kushika, na ni nzuri. Zamani zile pia zilikuwa nzuri."

Valda akamtazama kwenye kioo, akacheka kidogo, kwa huruma, kama unavyomchekea mfanyabiashara anayejitahidi.

"Wewe unalipwa kusema hivyo," akamwambia.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa peremende moja, akamtia Alwyn kiganjani na kumfunga vidole. Ilikuwa bakshishi. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda chumba cha kulia, mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na Litia akakimbia jikoni kuagiza sahani ya nyama ya kondoo na viazi kabla hajabadili nia.

Valda alichagua meza ya dirishani. Kiti cha pili akakiwekea mkoba juu, na bibi mmoja alipotaka kukaa akamzuia, akasema anamngojea mumewe, atafika saa sita.

Saa sita ilikuwa imebaki dakika tano. Nikamgeukia Alwyn nikamwambia avue aproni, avae kofia yake na koti lake, aende akakae, nani ajuaye. Mimi ndiye niliyemsukuma, na hilo sijalisahau. Alivaa, akazichana nywele zake chache kwa vidole, akavuka chumba kile chote na watu wanamtazama, akasimama kando ya kile kiti, kofia kifuani.

Valda akainua macho. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, akatabasamu kwa adabu.

"Samahani," akasema, "hapa pana mtu."

Alwyn akaomba radhi. Akarudi, akakaa meza ya nyuma kabisa, peke yake. Kutoka pale alimwona Valda akila. Alikula nyama, akala viazi, akala na kastadi, na kila mlango ulipofunguliwa alitazama ni nani anaingia, kisha akarudia kijiko chake. Mimi nilishindwa kukaa. Nilikwenda kulia kwenye gari langu, mtu mzima na sare ya kazi.

Mwezi mmoja baadaye, Jumatatu, Alwyn alikuja dukani. Safari hii hakusimama hata dakika mbili, aliinama rafu ya chini akachukua makopo mawili ya kijani. Akaniambia Valda anatoka kwenda kula kila siku, na kwamba yeye sasa ameandikwa pale mlangoni, Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi, msusi. Akasema pia, huku akitazama kaunta, kwamba Valda humhadithia mengi kuhusu huyo mume.

Nikamuuliza kama hafikirii kumwambia ukweli siku moja, taratibu, akiwa na hali nzuri.

Alitia makopo mfukoni, moja kila upande. Mfuko wa kulia alilazimika kwanza kuutoa peremende zilizojaa ndani, hakuwa amekula hata moja.

"Mume anangojewa tu, Ros," akasema. "Msusi anafunguliwa mlango."