Bunduki Iliyoegemezwa Ukutani

Jumatano ilikuwa siku ya dikte. Darasa langu la pili, pale Bihambwe, lilikuwa na watoto wengi kuliko mabenchi, kwa hiyo waliokaa chini waliandikia magotini. Nilipita kati yao nikisoma polepole: Mama analima maharagi. Ng'ombe anakunywa maji. Nilichagua sentensi hizo makusudi, moja ya wakulima na moja ya wafugaji, maana darasani mlikuwa na watoto wa pande zote mbili, na mtoto hufurahi akisikia kazi ya nyumbani kwao ikitamkwa na mwalimu.

Umutoni alikuwa wa wafugaji. Familia yake ilitoka Kirolirwe na ng'ombe wachache, ikapata malisho kwenye mlima ulio juu ya shule. Alikuwa na miaka minane. Aliandikia mkono wa kushoto, na hakupenda kabisa kukosea. Akikosea alilowesha kidole kwa mate, akafuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaninyanyulia daftari.

"Madame, hii neno imepotelea huku."

Darasa zima lilicheka, na mimi pia.

Mimi ni wa wakulima. Mume wangu, Bahati, alikuwa mrefu na mpole, mtu wa kuinama kidogo anaposema na watu wafupi. Nilimwita Papa Zawadi, kwa jina la binti yetu, ambaye wakati huo nilikuwa bado nambeba mgongoni. Mwaka ule watu wenye silaha walivuna mashamba yetu mara mbili kabla yetu. Mara ya pili walimpiga mama mkwe wangu kwa sababu aliwauliza watamwachia nini. Wiki iliyofuata Bahati aliingia kwenye kundi la vijana waliolinda kijiji, akarudi na bunduki kuukuu, mkanda wake umeungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Hii itakaa wapi?" nilimuuliza.

"Nitakuwa natembea nayo."

Sikufurahi. Lakini sitadanganya: tangu siku hiyo nilianza kupata usingizi.

Wakati ule kila upande ulikuwa na bunduki zake. Wafugaji walikuwa na watu wao mlimani, sisi tulikuwa na wetu, serikali ilikuwa na kambi yake barabarani. Watoto walitambua milio ya kila upande kama walivyotambua ngoma za makanisa. Nilimweleza kaka yangu mkubwa, Justin, kwa simu kwamba Bahati amechukua bunduki. Yeye yuko Amerika miaka mingi sasa. Alipelekwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Uganda, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukata kuku. Nilidhani atasikitika.

"Muzuri," alisema. "Hata mimi nimenunua yangu. Huku inauzwaka ku duka, sawa vile unanunua jembe."

Jumatano ninayotaka kuisimulia, mvua ilianza tukiwa katikati ya dikte. Bahati alijua nilikuwa na kilometa mbili za kutembea na mtoto mgongoni. Akaja kuniletea parapuli, mwavuli wetu wa pekee.

Hakuwahi kuingia darasani na bunduki. Hiyo ilikuwa heshima yake. Aliiegemeza ukutani, kwenye baraza, akapangusa miguu, akaingia akiwa ameinamisha kichwa chini ya mlango. Watoto walisimama wakaimba, "Bonjour, Papa!" Akacheka. Zawadi alimnyooshea mikono.

Umutoni alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kukamua kitambaa cha ubao. Alikuwa nje, kwenye baraza.

Simenti ilikuwa imelowa.

Nilisikia kitu kikiteleza.

Kisha mlio mmoja.

Watoto walilala chini wote kwa pamoja, bila mtu kuwaambia. Bahati alinitazama. Hakuitazama bunduki, alinitazama mimi, na nikaona kwamba ameshajua.

Alimbeba Umutoni mikononi, akakimbia naye kwenye mvua mpaka kituo cha afya. Mimi nilibaki na watoto, maana hakuna aliyenipa ruhusa ya kuwaacha. Niliwaambia tuhesabu. Tulihesabu mpaka mia, tukaanza tena. Kwenye mia ya tatu mwalimu mkuu alifika mlangoni, akanitikisia kichwa.

Habari ilipanda mlima kabla ya mvua kukatika. Mtoto wa wafugaji ameuawa shuleni na bunduki ya wakulima. Kwetu watu wamechomewa nyumba kwa maneno machache kuliko hayo.

Nilipofika kituo cha afya, vijana wetu walikuwa wamesimama upande mmoja wa njia. Upande wa pili walikuwa watu wa mlimani. Wote walikuwa na silaha mikononi.

Papa Umutoni alikuwa ndani. Alitoka akiwa na fimbo yake ya kuchungia, koti limelowa mpaka mgongoni.

Bahati alijitenga na watu wetu. Alitembea mpaka katikati ya njia, mikono mitupu, akapiga magoti kwenye tope.

"Ni mimi, Papa. Ni bunduki yangu."

"Ulimulenga?"

"Apana."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napatia bibi yangu parapuli."

Yule mzee alimtazama kwa muda mrefu. Mimi nilitazama fimbo. Nilifikiri, akiinyanyua tu, wote wataanza kupiga.

Akaikabidhi kwa mtu aliyekuwa karibu naye, kama mtu anayetaka kunawa mikono.

"Mutu mumoja asikufe leo juu ya mutoto wangu," alisema. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kinyarwanda, akiwageukia watu wake. "Munisikie. Hata mumoja."

Halafu akamwambia Bahati, kwa sauti ya chini kabisa: "Simama. Unisaidie kumubeba."

Walimpandisha mlimani wawili hao. Bahati alirudi jioni amevaa nguo za mtu mwingine. Alipitia kwa mkuu wa vijana, akamrudishia bunduki. Yule mkuu alimtukana, akamwita mwanamke. Bahati aligeuka akaondoka. Nyumbani alikaa karibu na moto, Zawadi mapajani, mpaka ugali ukapoa.

Baada ya maziko, Papa Umutoni aliomba kitu kimoja tu: bunduki isiingie tena shuleni. Siyo ya wakulima, siyo ya wafugaji, siyo ya serikali. Wazazi walikutana kanisani. Baadhi walisema, na kweli walikuwa na sababu, kwamba shule isiyo na silaha ni shule inayongoja kuvamiwa. Baba mmoja aliuliza, "Nani atatulindia batoto? Dafutari?" Mabishano yalichukua siku mbili. Mwishoni niliandika makubaliano mimi mwenyewe kwenye karatasi ya daftari: mwenye bunduki ataishia kwenye mikaratusi, hatua mia kutoka madarasani. Mkuu wa vijana alitia kidole gumba. Watu wa mlimani walituma mtu wao, naye akatia. Kamanda wa kambi alikataa kutia sahihi, lakini askari wake walianza kuishia kwenye mikaratusi.

Siku hiyo ya makubaliano mama mmoja alimwita mzee jina lake la siku zote, kisha akajiziba mdomo. Yeye akasema, "Muendelee kuniita vile. Mimi niko Papa Umutoni. Sina jina ingine."

Justin alinipigia simu.

"Pole sana, dada. Lakini usilaumu bunduki. Huku banasemaka, bunduki haiuwake muntu. Muntu njo anauwaka."

"Kaka, siku ile muntu hakukuwa. Kulikuwa ukuta na simenti yenye maji."

Akaniambia shida ilikuwa ni namna ya kuitunza, kwamba yake iko ndani ya sanduku la chuma na ufunguo anao yeye. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akanieleza kuhusu binti yake, Grace.

"Ku shule yao banafundishaka batoto kulala chini ya meza. Mwalimu anazima taa, banyamaze. Eti siku muntu wa bunduki akiingia."

"Kwa Amerika?"

"Kwa Amerika."

"Na wewe ungali nayo?"

"Njo maana niko nayo, dada."

Woga wetu ulikuwa mmoja. Yeye ulimpeleka dukani kununua bunduki, Bahati ulimpeleka kwa mkuu wa vijana kuirudisha.

Makubaliano yetu yalishika kwa miezi saba. Katika miezi hiyo watoto wa mlimani walirudi mmoja mmoja, nami nikaendelea na dikte. Kisha vita kubwa ikapanda kutoka upande mwingine, na waliokuja hawakuwa wametia kidole kwenye karatasi ya mtu. Siku waliyoingia, risasi zilitoboa bati za shule. Bahati alibeba Zawadi na godoro, mimi sufuria na madaftari. Papa Umutoni aliondoka na ng'ombe waliosalia kurudi Kirolirwe. Tuliagana barabarani. Alimshika Bahati kichwa kwa mikono miwili, kama baba anavyomshika mtoto, wakaachana.

Sisi tulielekea Walikale. Siku nne kwa miguu mpaka Kibua. Kule walitupokea, wakatupa kipande cha shamba la mihogo na chumba nyuma ya kanisa. Nilipata darasa: wakimbizi asubuhi, wenyeji mchana. Kidogo kidogo Bahati alianza kucheka tena. Alimfundisha Zawadi kutembea kwenye ua wa kanisa, akirudi nyuma mbele yake, mgongo umepinda.

Kibua nako kulikuwa na vijana wa kulinda, na walimletea bunduki. Alikataa. Aliwaomba filimbi. Atalinda kama wao, alisema, ataamka kabla yao, lakini atapiga filimbi tu. Walimcheka mwezi mzima, kisha wakamzoea.

Asubuhi moja wanawake walikuwa mashambani, ng'ambo ya mto mdogo. Bahati alikuwa mbele yao, kwenye kichaka.

Nilikuwa darasani. Niliisikia filimbi.

Ililia mara tatu, ndefu.

Ya nne ilikatika.

Wanawake wote walirudi. Jirani yangu alipoteza jembe na kiatu kimoja. Tulimkuta Bahati saa sita, watu walipothubutu kuvuka. Alikuwa amelala kifudifudi. Nilimgeuza mwenyewe, nikampangusa uso kwa kitenge.

Papa Umutoni alipata habari, akanipigia simu kutoka Kirolirwe. Hakuweza kuja, njia ilikuwa imekatwa na watu wenye silaha ambao hata majina yao hatukuyajua. Alilia kwenye simu bila haya. "Alikuwa mutoto wangu," alisema. "Tulibeba Umutoni pamoja."

Kuna watu Kibua husema filimbi iliokoa wanawake. Kuna wengine husema bunduki ingemwokoa yeye. Wote wanasema kwa upendo. Nimepima mara nyingi, nikitembea kwenda shule na nikirudi. Umutoni alikufa kwa sababu bunduki ilikuwapo. Bahati alikufa labda kwa sababu haikuwapo. Vifo hivyo viwili havilipani, wala kimoja hakielezi kingine. Najua tu kwamba mume wangu aliamka kila asubuhi ya miezi ile ya mwisho na mikono ambayo aliweza kuitazama.

Justin alinipigia tena wiki chache zilizopita, saa zisizo za kawaida yake. Katika mji wa jirani na wao, mtu alikuwa ameingia shuleni na bunduki. Haikuwa shule ya Grace, lakini walifunga shule zote, naye alisimama barabarani na wazazi wengine saa tatu nzima akimngoja.

"Funguo ilikuwa mu mufuko wangu," alisema. "Ya ile sanduku. Nilikuwa naishika tu. Dada, sikujua naishikia nini."

Nilimsikia akipumua. Miaka ya nyuma ningemuuliza kama atauza ile bunduki. Safari hii sikumuuliza. Naye hakusema kwamba Bahati angepaswa kuwa nayo, jambo aliloniambia siku ya msiba na ambalo nilimsamehe.

"Mutoto amefika nyumbani?" nilisema.

"Amefika. Iko hapa."

"Basi mupatie simu nimusikie."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti nyembamba ya msichana ambaye sijawahi kumwona, Kiswahili chake kimevunjika.

"Tantine?" aliniita, kama tunavyomwita shangazi kwetu.

"Niko, mama."

Nikamwomba anihesabie mpaka mia, kwa lugha yoyote anayotaka. Akaanza, polepole, na sisi wawili, kaka yangu upande ule na mimi upande huu, tukamsikiliza.