Shangazi Alivyonipeleka Kilosa kwa Gari la Zambia

Wiki ya harusi yangu, shangazi aliingia Mikumi kutoka Zambia akiendesha gari lake mwenyewe, peke yake, na kikapu cha karanga kwenye kiti cha pembeni. Ni dada yake baba. Aliolewa huko kabla sijazaliwa, mumewe akafariki, naye akabaki anauza vitenge. Gari lilikuwa dogo, jeupe, na namba zake za kigeni zikawavuta watoto wa mtaa mzima. Kaka yangu naye hakukawia.

"Shikamoo, shangazi. Naomba funguo nipige misele hapo barabarani, mara moja tu."

"Marahaba. Funguo hupati, wala usinune. Si uchoyo."

Akatueleza. Pale mpakani Tunduma watu wa forodha walimpa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Hakulipa ushuru kama mtu anayeleta gari la kubaki nalo, kwa kuwa yeye ni mgeni na gari ni la kutembelea tu. Lakini kulikuwa na masharti: asiliuze, asilikodishe, asimpe mkazi wa huku aliendeshe, na alitoe nchini kabla siku za kibali hazijaisha. Baba alitikisa kichwa kwa kukubali, kaka akatikisa chake kwa huzuni.

Mambo yalikuwa shwari hadi asubuhi ya harusi. Ibada ilikuwa kanisani Kilosa, kwa wakwe zangu, wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Nilikuwa nimeshavaa shela, msimamizi wangu ananipaka wanja, simu ikaita: gari la maharusi tulilokodi limeharibika giaboksi huko Morogoro. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, akaja mlangoni anatokwa jasho.

"Dada," alimwambia shangazi, "limebaki lako tu. Mabasi yote yamejaa wageni. Wewe kaa nyuma na mwali, kaka yake ataendesha."

"Haruhusiwi."

"Ni safari moja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Aliyesaini ni mimi."

"Sasa tufanyeje?"

"Nitaendesha mwenyewe."

Kwetu shangazi wa bibi harusi hukaa pembeni ya mwali, anampepea, anamfuta machozi, na kanisani ndiye wa kwanza kupiga kigelegele. Mama mkubwa akasema, "Wakwe watatuonaje? Watasema tumekosa hata dereva!"

Sikuzoea kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini nikajikuta nasema, "Mimi nataka shangazi anipeleke."

Shangazi hakungoja kikao kiendelee. Alivua viatu vya kisigino, akavaa malapa, akakunja gauni lake la kitenge hadi magotini, akatoka kuwasimamia vijana waliokuwa wanafunga riboni kwenye boneti.

Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa tope tupu. Kaka alikuwa kwenye basi dogo mbele yetu, na basi hilo likanasa. Wanaume wakashuka na suti zao kulisukuma. Shangazi alisimama, akalitazama tope kama anavyotazama kitambaa cha kununua, akapita ukingoni taratibu bila kuteleza. Kaka, suruali imelowa hadi magoti, akampigia saluti. Tulipopita kijiji kinachoitwa Ulaya ilikuwa siku ya gulio. Wanawake waliacha kupima maharage, wakamwona mama mtu mzima kwenye usukani na shela nyuma yake, wakapiga vigelegele mpaka nikalia kwa kucheka na wanja ukanichuruzika.

Karibu na Kilosa trafiki akatusimamisha. Alizitazama namba, akaitazama riboni, akainama dirishani.

"Shikamoo, mama. Dereva wenu yuko wapi?"

"Marahaba. Unaongea naye."

Akaomba kibali. Alikisoma akakirudia.

"Hapa hairuhusiwi kubeba watu kwa malipo. Umekodiwa?"

"Nikodiwe na nani? Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Nampeleka bure, na karanga nimemletea juu."

Trafiki akajitahidi asicheke, akashindwa. "Sawa. Gari naona lazima litoke nchini. Na bibi harusi je?"

"Huyo tunamwacha. Huyo si wa muda."

Akaturudishia karatasi, akasimamisha pikipiki ili tupite.

Kanisani wale wakwe tuliowaogopa walipomwona shangazi akishuka upande wa dereva na malapa yake yenye tope, walimzunguka kwa nyimbo na kucheza, wakasahau kidogo kwamba bibi harusi ni mimi. Baada ya chakula baba mkwe akalizunguka gari lile, akiligonga mbavu kwa kiganja kama yuko mnadani.

"Mama, hili nikupe ng'ombe?"

"Baba, haliuzwi. Nikiliuza nimevunja sheria."

"Hata kwa ng'ombe wa maziwa?"

"Hata huyo."

Alisikitika kwa dhati. Badala yake akampa jogoo, na shangazi akalazimika kueleza tena habari za mpaka, kwamba kuku hai naye havushwi hivihivi bila kibali. Mwishowe yule jogoo alichinjwa, tukamla pamoja.

Shangazi aliondoka siku za kibali zikiwa bado zipo. Siku iliyofuata akanipigia simu akiwa upande wa Zambia. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, alisema, lakini ofisa alikagua namba ya injini, akagonga muhuri wa kutoka, basi. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Nilimwambia jikoni kwa mama mkwe kuna sufuria ambayo siwezi kuinyanyua, na jioni ile ilikuwa zamu yangu kusonga ugali wa nyumba nzima.

"Kaza miguu," aliniambia, "na usisonge ukiwa umekasirika."

Nikaenda kuosha mwiko.