Siku Mkalimani Alipopoteza Sauti

Harufu ya petroli iliyochanganyika na makoti ya sufu yaliyolowa ukungu: hiyo ndiyo harufu ya sinema kwangu. Karuba iko juu, kwenye vilima vya Masisi, na msimu ule wa maharagwe, nikiwa bado mtoto, mvua haikutupa nafasi ya kukausha hata kitambaa cha kichwa. Jumapili baada ya misa tulijibana ndani ya nyumba ya mbao nyuma ya duka, kuku wakipita chini ya mabenchi, jenereta ikinguruma nje. Mbele kulikuwa na televisheni ndogo, na kando yake, akiwa amesimama kama padri mimbarini, Papa Bahati, jirani yetu, mkalimani wa filamu.

Kifaransa alikijua nusu, Kiingereza hakukijua kabisa, na hilo halikumzuia hata kidogo. Kwetu kaseti ikinyamaza watu waliamini imeharibika, wakaanza kutaka kuondoka. Kwa hiyo kazi ya mkalimani haikuwa kutafsiri tu. Ilikuwa kuziba kila kimya. Tatizo ni kwamba zile filamu za mashaka, ambazo adui anakaa ndani ya nyumba au ndani ya kichwa cha mtu, huanza kwa kimya. Mwanamke anachemsha chai, hakuna anayesema neno, na Papa Bahati tayari anapiga kelele: "Mama, kimbia! Bwana yako njo muuaji! Iko nyuma ya rido ya dirisha!" Tulicheka, tukapiga makofi, tukaiangalia filamu nzima bila kuogopa kitu, maana muuaji tulikwishapewa kabla maji hayajachemka.

Halafu mafua yakamshika. Jumapili hiyo alisimama mahali pake, akafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlio wa mlango mkavu. Watu hawakumhurumia.

"Papa Bahati, ulimeza ulimi pamoja na maharagi?"

"Bibi yake alimukataza kusema!"

"Kaseti iko mubovu, badilisheni!"

Akatuonyesha koo lake, akakaa chini. Filamu ikaendelea yenyewe. Mwanamke aliingia nyumbani kwake, akaweka kikapu mezani, akaosha kikombe. Maji yalidondoka kwenye beseni, tone, halafu tone. Nyuma yake mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo, na picha ilikaa pale mlangoni muda mrefu kuliko mlango unavyostahili kuangaliwa. Yeye hakuuona. Sisi tuliuona. Akafuta kikombe, akakirudisha, akaanza kuimba kwa kujisahau, na hapo mtu mmoja nyuma yangu akaanza kusali. Hakuna aliyepigwa, hakuna damu. Lakini kelele zilikuwa zimekwisha ndani ya nyumba ile ya mbao, na mimi nilikuwa nimeushika mkono wa Mama kwa nguvu hadi akaniambia, "Sifa, unaniumiza." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile niliuona ukweli wake kwa macho.

Wiki iliyofuata Papa, baba yangu mzazi, aliondoka kwenda Kibua, huko Walikale, kama alivyofanya kila baada ya mavuno. Alipeleka maharagwe na jibini za vilima vyetu, akarudi na mawese. Watu wa Masisi wanaiogopa safari hiyo, si kwa sababu ya umbali tu. Juu kwetu kuna baridi, mbu ni wachache. Ukishuka kwenye misitu ya Walikale, mwili wa mtu wa mlimani haujui kupigana na homa ya huko. Papa aliichukulia kama mzaha. Alisema mbu hawapendi damu yenye harufu ya maziwa.

Siku ambayo alipaswa kurudi ilipita, na nyingine zikafuata. Sauti ya Papa Bahati ilikuwa imerudi, naye akaanza kuja kwetu kila alasiri. Ndivyo majirani wanavyofanya kwetu: mtu akichelewa njiani, nyumba yake haiachwi kimya. Wanawake walikuja kuchambua maharagwe pamoja na Mama, na Papa Bahati akasimulia ng'ombe aliyeingia kanisani, mkwe aliyeanguka kwenye matope akiwa amevaa suti, vichekesho ambavyo tulikwishavisikia. Mama alichagua maharagwe mabovu, akayatupa, uso umeelekea barabarani.

"Papa Bahati, nyamaza kidogo. Nataka nisikie njia."

"Njia haina mudomo, Mama Sifa. Acha miye nikusemee."

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, kwa heshima. Walisema subira yavuta heri, na nadhani kila mmoja wao aliamini.

Kisha ikaja alasiri moja yenye ukungu mwepesi. Nilikuwa uani naanua nguo ambazo hazikukauka. Papa Bahati alipanda njia yetu pamoja na mwanamume nisiyemjua, aliyebeba koti la Papa mkononi. Papa Bahati hakuita toka bondeni kama kawaida yake. Hakumtania mbwa. Alifika, akasimama mbele yangu, akavua kofia, na kinywa chake hakikutoa kitu. Niliomba kwa moyo wote awe ameshikwa na mafua tena. Mama alitokea mlangoni, akalitazama lile koti. Homa ilimchukua Papa huko Kibua, na huko huko walimzika.

Leo nimeshavuka miaka arobaini, na sijakaa mahali pamoja tangu nilipomaliza shule. Nauza vitambaa Bukavu, Kisangani, wakati mwingine Kampala, nalala kwenye nyumba za wageni na kuangalia filamu kwenye simu. Naangalia mianzo hasa. Nimeuona ufundi wa watengenezaji: wanachukua kitu cha kila siku, kikombe, mlango, wimbo wa jikoni, wanakiacha mbele yako kikae, na wanaondoa sauti moja uliyoizoea. Basi. Kichwa chako kinafanya kazi iliyobaki. Vijana ninaopanga nao chumba huisukuma filamu mbele kwa kidole hadi kwenye mapigano. "Mama Mukubwa, hapa hakuna kitu," wananiambia. Siwalaumu. Filamu unaweza kuisukuma mbele. Mama yangu hakuwa na kidole cha kusukuma zile siku.

Anaishi Goma sasa, amezeeka, na ananipigia karibu kila jioni. Hasalimu. Napokea, nasikia pumzi yake, basi.

"Mama, sema basi."

"Sema weye. Miye niko nasikiliza."

Nami nasema: mvua ya Bukavu, samaki waliopanda bei, gari lililotuharibikia, mwenzangu wa chumba anayekoroma hadi ukuta unatetemeka. Nasema lolote, siachi nafasi, mpaka nimsikie anacheka kidogo na kuniambia nilale salama.