Maneno Mlangoni mwa Kigari

"Ma Benigna, mbona kila nikipita Ta Karugendo ameshika kagari ka mtoto? Mtoto mwenyewe yuko wapi, hatumwoni?"

Celina alikuwa mpangaji mgeni pale mtaani Kashai, hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza huku anamenya ndizi, anacheka, kama majirani wanavyotaniana. Benigna aliinamia sufuria yake. Angemjibu nini? Kwamba mtoto yuko kijijini Izigo, kibanjani, chini ya migomba ya babu yake? Kwamba alikuwa mwanamume mwenye ndevu, dereva wa lori la ndizi, na lori hilohilo ndilo lililompindukia?

"Amesafiri, mwanangu," alisema. Celina alipoondoka, akamwomba Mungu amsamehe uongo ule.

Karugendo, mumewe, alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Gari likikwaruzwa ubavuni, watu walisema, "Lipelekeni kwa Ta Karugendo, mtasahau lilipogongwa." Mkwaruzo ulikuwa adui yake. Aliujaza puti, akaupiga msasa wa maji, akapuliza rangi, kisha akamalizia na kliya, ile isiyo na rangi, inayong'arisha mpaka ujione uso mlangoni. Kliya hiyo, na hadna anayochanganya ili ikauke, ndizo zilizomla kifua. Daktari akamkataza kabisa. Akabaki nyumbani anakohoa, mkate wake ni Mugisha, mwanawe. Halafu Mugisha naye akaenda.

Kigari kile alikichonga Mugisha mwenyewe zamani, akiwa shule ya msingi. Ni pikapu ya mti, magurudumu yake vifuniko vya soda. Mlangoni alikwangua kwa msumari, herufi zinapanda na kushuka: BABA NA MIMI. Benigna alikikuta chini ya nguo za marehemu. Karugendo alipokipokea, alikaa palepale kizingitini.

"Siku ya kubariki msalaba tutakiweka kaburini," alisema. "Tukijengee kwenye simenti, na kioo mbele. Kila atakayekuja asome. Ila hakiendi hivi kimechakaa kama mwiko. Nitakipaka."

"Na kifua, baba?"

"Kigari chenyewe kinaenea kiganjani, Mama Mugisha. Kitakunywa kijiko kimoja tu cha rangi."

Akaazima bomba la kupulizia na mashine ya upepo, akafungua kopo la bluu lililobaki kwenye gari la mwisho alilolipaka. Benigna alisimama mlangoni, kanga puani, rozari mkononi. Puti aliipitisha kila mahali, lakini maneno aliyazunguka kwa uangalifu, kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala. Benigna akashukuru moyoni.

Kisha akapuliza. Akapuliza kama alivyopuliza miaka yote, rangi nzito, ikikauka anaongeza nyingine. Mkono uliozoea ubavu wa basi haukujua kupunguza. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine alitoka nje kukohoa, ameshika ukuta, akarudi.

"Maneno yanafifia, baba," Benigna alisema.

"Subiri kliya. Kliya huibua kila kitu."

Alitabasamu. Tangu mazishi Benigna hakuwa ameona meno yake. Alipoipuliza ile kliya, kigari kiling'aa hadi Celina akaja kuchungulia. "Mawe, mama yangu! Ta Karugendo, hiki niuzie mimi nikaolewe nacho!" Wote watatu wakacheka, Karugendo akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

Asubuhi, kliya ilipokauka, alikichukua akakipeleka kwenye mwanga. Benigna alikuwa anachochea moto. Akageuka kumtazama.

Mlango ulikuwa bluu tupu, laini, kama maji ya ziwa siku isiyo na upepo. Rangi ilijaza alama za msumari wa Mugisha, kliya ikasawazisha juu yake. Hakuna mkwaruzo.

Alijaribu thina, dawa ya kuyeyusha rangi. Kliya ikishashikana na hadna, thina haiifanyi kitu. Akachukua msasa, akasugua pembeni taratibu, pale ilipokuwa B ya kwanza. Kliya ikatoka, bluu ikatoka, mti mweupe ukatokea. B haikuwepo. Mtoto alikuwa amekwangua juujuu tu, na mti uliokuwa na herufi umeondoka na msasa.

Akauweka msasa chini.

"Baba Mugisha, Mungu anayasoma hata yakifunikwa," Benigna alimwambia, akasikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyokosa nguvu. Siku ya msalaba ilikuwa imekaribia, padri ameshaambiwa, ndugu wa Izigo wameshaandaa ndizi. Pumzi ya Karugendo ilikuwa inapiga filimbi kifuani. Alipitisha kidole mlangoni, juu, chini, juu tena, kinateleza tu. Benigna akaketi naye mkekani.

Ndipo Karugendo akamnyooshea ule mkono.

"Mama Mugisha, shika kidole changu, unionyeshe maneno yalipokuwa."